Kabla ya Kupandisha Ufunguo

Katika kwaya zetu nyingi, ubeti wa mwisho unajulikana kabla haujaimbwa: kinanda kinapandisha ufunguo, ngoma zinaongezwa, sauti ya kwanza inapaa. Inapendeza, lakini mbinu kongwe isiyodai chombo chochote imesahaulika mno: kurefusha au kufupisha noti za wimbo wenyewe.

Huko si kupunguza mwendo. Mwendo ukipungua, kwaya nzima hujikokota. Katika kurefusha, sauti moja tu huipa kila noti mapigo maradufu, wengine wakiendelea kama kawaida. Uwiano wa noti haubadiliki, ndiyo maana sikio bado linautambua wimbo.

Mtunzi Hector Berlioz alidhihirisha nguvu ya mbinu hii mwaka 1830, katika sehemu ya tano ya simfonia yake, Symphonie fantastique. Alichukua Dies irae, wimbo wa kale wa misa ya wafu ya Kikatoliki. Kwanza unapigwa kwa noti ndefu na vyombo vya sauti nzito. Kisha tromboni na wenzake wanaurudia kwa kasi maradufu. Halafu filimbi na fidla zinaudaka kwa noti fupi zaidi, na wimbo wa mazishi unageuka dansi ya wachawi. Bach alikuwa amekwenda mbali zaidi: katika fuga (utungo ambamo sauti hupokezana wimbo mmoja) ya saba ya Die Kunst der Fuge, iliyochapishwa 1751, wimbo mmoja unasikika kwa urefu wa kawaida, ukiwa umerefushwa na ukiwa umefupishwa, sauti zikipishana.

Mwalimu wa kwaya anayeandika kwa toniki solfa anaweza kuanza na vistari: noti ya pigo moja ikiongezewa kistari, inakuwa ya mapigo mawili. Besi wakipewa wimbo wa mapigo 32 uliorefushwa, watatumia 64, na sauti za juu zitauimba mara mbili juu yao.

Kazi ngumu ni maneno. Noti iliyokuwa kwenye pigo dhaifu sasa yaweza kuangukia pigo zito, na silabi ya mwisho ikabeba mkazo ambao Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo ni afadhali besi waimbe irabu tupu, wakipokezana pumzi. Tena maafikiano ya sauti yakaguliwe upya, pigo kwa pigo. Anayejaribu mara ya kwanza achague wimbo wa noti tano, usio na fa wala ti, kwa kuwa noti zake hazikwaruzani sana zinapokutana.