Rekodi Huanza na Kipimo

Huku Mwaya, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, husikika usemi kwamba mbio ni kazi ya watu wa milimani, na kwamba sisi wa bondeni, watu wa mpunga na mitumbwi, hatukuumbiwa kazi hiyo. Usemi huo hapana budi ukanushwe, maana unawakatisha tamaa watoto kabla hawajajaribiwa. Ushahidi wa kuukanusha umo katika historia ya Ndugu Filbert Bayi.

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, kijana huyo wa Karatu mwenye umri wa miaka 20 alishika uongozi wa mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, wala hakuuachia hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3 na sekunde 33.1, iliyokuwa imedumu tangu 1967, ikavunjika. Wakimbiaji wengi hodari walikuwa na desturi ya kujificha nyuma ya wenzao wakingojea mzunguko wa mwisho. Bayi alikataa kungojea. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0.

Lakini yafaa tumtazame pia aliyemfuata Christchurch. John Walker wa New Zealand alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.52, naye akawa ameipita rekodi ya Ryun. Agosti 1975 Walker akaichukua rekodi ya maili, na mwaka 1979 Sebastian Coe wa Uingereza akaichukua ile ya mita 1,500. Hao wawili hawakulelewa kwenye milima mirefu. Hewa ya milimani husaidia mapafu, hilo hatulikatai. Lakini kama ingekuwa ndiyo kila kitu, majina yao yasingekuwamo katika orodha hiyo.

Mwaka 1976 Bayi hakukimbia Montreal, kwa kuwa Tanzania na nchi nyingine za Afrika zilisusia Olimpiki kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 mjini Moscow aliongoza tena, safari hii katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akapitwa mwishoni na Bronisław Malinowski wa Poland na kupata medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 ilipomalizika, Tanzania ilikuwa haijaongeza medali ya tatu ya Olimpiki.

Je, tunajuaje kwamba mwenye medali hiyo hayupo Mwaya? Hatujui, kwa sababu hatupimi. Mtoto husifiwa kwamba anakimbia sana. Lakini “sana” si kipimo. Mwalimu akihamishwa, huondoka na kumbukumbu zote kichwani mwake.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kila shule ichukue futi kamba, ipime mzunguko wa mita 200 au 400, na kuuchora kwa chokaa au majivu mara maji ya masika yanapokauka. Ipate saa moja ya kupimia muda na daftari moja la kuandika jina, tarehe na sekunde. Daftari hilo liwe mali ya shule, na wateuzi wa timu za UMITASHUMTA na UMISSETA walisome. Halmashauri nayo ilinde viwanja vya shule visimegwe.

Bayi alijua sekunde ngapi alipaswa kushinda. Watoto wa Mwaya nao wana haki ya kujua sekunde zao.