Acheni Usukani wa Babu

Buda, ukinunua Peugeot 504 kuukuu, usikimbie Kirinyaga Road kusaka usukani mdogo wa mbio. Najua, 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975. Lakini wewe unaenda Rongai, na foleni haina kombe. Mimi nasema ule usukani mpana si ushamba. 504 nyingi hazina pawa steringi. Upana huo ndio nguvu ya mikono yako. Upunguze uone: kuegesha tu kutakutoa jasho, na kwenye kona nyembamba mikono itachoka kabla gari halijageuka. Na kama mkweche wako ni wa aina nyingine yenye eabegi, ukiung'oa usukani umeng'oa kinga ya kifua chako. Unataka urembo? Ushonee ule wa zamani ngozi mpya, basi.