Leseni Isiwe Stakabadhi ya Ada Tu

Ndugu Waislamu, wapo wauza magari wanaonung'unika kila dola itajapo leseni na ukaguzi. Hoja yao ni kwamba biashara ni maridhiano ya wawili, wa tatu asiingilie. Hoja hii ni batili. Hapana maridhiano pasipo kukijua kinachouzwa. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji palepale. Hakusubiri mnunuzi alalamike.

Lakini dola nayo haina udhuru. Nchini Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likipita miaka 8, na yatokayo Japani hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Leseni ya muuzaji chini ya Sheria ya Trafiki humruhusu kuendesha barabarani gari lisilosajiliwa. Je, ulimi wake unakaguliwa na nani? Akirudisha nyuma hesabu ya kilomita, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 inakataza uongo huo; ila mzigo wa kushitaki humwangukia aliyekwisha dhulumiwa.

Dawa ipo. Gari lililopita mnadani Japani huandikiwa karatasi yenye kilomita na kasoro zake. Leseni na ifungamanishwe na sharti: muuzaji aionyeshe karatasi hiyo kabla ya kupokea malipo, akiificha au kuighushi, anyang'anywe leseni. Mkweli hatapungukiwa na kitu. Na anayeikimbia karatasi, anakimbia nini?