Feza za shule zinapita njia gani?



Katika AVEC zetu, sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wamama watatu. Feza zinahesabiwa mbele ya wote. Hatufanyi hivyo kwa kumwona mwenzetu kuwa mwizi. Tunajua tu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa tujiulize: feza za serikali zinazopaswa kufika kwenye shule ya watoto wetu, ni nani anazihesabu mbele yetu?

Jirani zetu wa Uganda walijiuliza hivyo kabla yetu. Serikali yao ilikuwa inatoa feza kwa shule za msingi kufuatana na hesabu ya wanafunzi. Uchunguzi ulilinganisha feza zilizotoka serikalini na zile shule zilizopokea. Ikaonekana kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100, shule zilipata 13 tu kwa wastani. Nyingine zote zilikwama njiani, wilayani. Shule za wazazi maskini ndizo zilipata kidogo zaidi. Wazazi wengi hawakujua kama feza hizo zipo. Basi wangeuliza nini?

Serikali ikaanza kutangaza gazetini feza zilizotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani hesabu ya zile zilizopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Gazeti peke yake halikufanya yote, maana kulikuwa na mabadiliko mengine pia. Lakini wazazi walipojua hesabu, ilikuwa vigumu zaidi feza kupotea kimya kimya.

Kwetu Kongo, Katiba katika kifungu cha 43 inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Mshahara wa mwalimu na feza za kuendesha shule, kama chaki na matengenezo madogo, ni deni la serikali. Zisipofika, mzigo unarudi kwa mama: mtoto anarudishwa nyumbani kutafuta franga. Na nyumba ikikosa, mara nyingi binti ndiye anayebaki jikoni.

Basi tufanye nini? Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi. Wamama wawili au watatu waende pamoja, kwa heshima, waulize maneno matatu: trimestri hii ziliingia feza ngapi? Zilinunua nini? Hesabu hiyo inaweza kubandikwa ukutani?

Tusiende kwa kugombana. Pengine direkteri mwenyewe hajapokea kitu, naye anaogopa kudai peke yake. Hapo komite iandike barua pamoja naye, iipeleke ofisini, na ibaki na kopi yenye muhuri. Na sisi walimu tusikasirike tukiulizwa. Mwanafunzi tunamwambia kila siku aonyeshe jinsi alivyopata jibu lake. Nasi tuonyeshe yetu.

Kwenye mkutano ujao wa kikundi chenu, chagueni wamama watakaoenda, na muandike siku watakayoleta jibu.