Umefika wapi?

Mabega 15, kifua 40, kiuno 34, urefu 56. Gauni la kitenge, mikono mirefu, zipu nyuma, bitana. Kuchukua Ijumaa. Utengano, kafika pale Maimuna anapotoroka nyumbani.

Hilo ni daftari langu la vipimo. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga, na mwaka huu natimiza miaka 32 ya kukanyaga cherehani. Vipimo naviandika kwa kalamu ya bluu. Mstari wa mwisho, kwa kalamu nyekundu, ni wa kitabu: mteja anasoma nini siku hizi, na amefika wapi. Simlazimishi mtu. Asiye na kitabu namwachia mstari wake mtupu, naye huuona siku anapokuja kuchukua nguo.

Naandika kuwaomba wasomaji wa gazeti hili wafanye hivyo hivyo popote walipo, dukani, ofisini, kwenye foleni ya maji, kwenye kikao cha kikoba. Tuulizane tunasoma nini, kama tunavyoulizana habari za nyumbani, na anayeulizwa ajibu ukweli.

Jambo hili lilinianzia kliniki ya presha, miaka mitatu iliyopita. Foleni ilikuwa ndefu, nami nimekaa kwenye benchi na riwaya ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed mapajani, nakala kuukuu ambayo jalada lake nimelishona kwa uzi wa jinzi lisichomoke. Binti aliyekaa pembeni yangu akaniamkia, "Shikamoo mama. Unasomea nini?" Nikamwambia sisomei kitu, mwanangu, nasoma tu. Akalitazama jalada, akanitazama mimi, akauliza tena kwa upole kabisa, "Kwani una mtihani?"

Alikuwa binti mwenye adabu zake, na swali lake lilikaa kichwani mwangu wiki nzima. Nikajiuliza amelitoa wapi, nikaona amelitoa kwenye lugha yetu sote. Kwetu kusoma ni kupitisha macho kwenye maandishi, na hapo hapo kusoma ni kwenda shule. Tukisema fulani amesoma, tuna maana ana elimu. Anasoma Moshi, ni mwanafunzi huko. Aliacha kusoma, alitoka shule, labda kwa mimba au kwa kukosa ada. Neno ni moja, na shule imelikalia lote. Kwa hiyo mtu akishamaliza kidato cha nne ni kama neno lenyewe limemwaga kwaheri. Ukimwona mtu mzima na kitabu, basi ni mwalimu, au ana mtihani, au kile ni kitabu cha dini. Mwanamke wa miaka yangu aliyeshika riwaya saa nne asubuhi hana mahali pa kuwekwa.

Nikatafuta swali jingine, ambalo shule haijalikalia. Nikagundua nilikuwa nalijua tangu utotoni.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Miaka mitatu baadaye, 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, nami nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja huko Muheza. Jioni ya kipindi, watu wa kambi yetu walikusanyika chini ya mwembe, redio ikawekwa juu ya debe lililopinduliwa, na kila kikundi kilikuwa na kijitabu chake. Redio ilisema, kisha mmoja aliyejua kusoma vizuri akasoma kwa sauti, kisha wote wakajadili. Nchi nzima walishiriki watu karibu milioni 2. Baba alikuwa bado anahangaika na herufi, lakini alikishika kile kijitabu kwa mikono miwili kama mtu aliyepokezwa mtoto mchanga. Baada ya masomo wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba.

Ninachokikumbuka zaidi ni salamu za njiani. Watu wa kambi yetu wakikutana na wa kambi ya jirani wanapokwenda kukata mkonge, waliulizana, "Ninyi mmefika wapi?" Wakajibiwa, "Malaria tumemaliza, tupo kwenye kichocho." Hakuna aliyeuliza mwenzake amesoma mpaka darasa la ngapi. Wote walikuwa mahali fulani ndani ya kitabu kimoja, na kila mtu alikuwa na haki ya kusema yuko wapi.

Swali hilo ndilo ninaloliuliza kibandani kwangu, na majibu yake nisingeyapata kwa swali jingine lolote.

Kuna dereva wa bajaji mwenye mabinti wanne. Kila Januari huniletea vitambaa vya sare zao. Mwanzo mstari wake mwekundu ulikuwa na vitabu vya Ben Mtobwa tu, kile cha Dar es Salaam Usiku na vile vya mpelelezi Joram Kiango, maana ndivyo alivyovisoma ujanani na amevirudia. Siku moja akaondoka na Rosa Mistika yangu. Alipopita tena, nikamwuliza amefika wapi. Wiki iliyofuata nikamwuliza tena. Wiki ya tatu akakaa kwenye stuli ya wateja, akasema, "Nipo pale pale, fundi. Pale Zakaria anapompiga Rosa kwa ajili ya ile barua."

Alikuwa amefika hapo siku ile ile aliyokichukua kitabu, na hapo ndipo aliponasa. Nikaacha kukanyaga cherehani. Akaniambia kwamba mwezi uliotangulia alikuta ujumbe wa mvulana kwenye simu ya binti yake mkubwa. Hakusema alifanya nini, nami sikumwuliza. Tulikaa kimya, watu wakapita barabarani na mikokoteni yao. Kisha akaniomba nimsubiri, atakimaliza tu.

Euphrase Kezilahabi alikitoa kitabu kile mwaka 1971, na kwa muda kilipigwa marufuku shuleni kwa kuhofia kingewaharibu wanafunzi. Zaidi ya miaka hamsini baadaye kimemkalisha baba mmoja kwenye stuli yangu akiwaza mkono wake mwenyewe. Ningemwuliza kama amekimaliza, angejibu bado, tukaishia hapo.

Mwingine ni mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga. Yeye hakuwa na kitabu kabisa, mpaka bintiye aliyekuwa kidato cha tatu alipoacha Takadini mezani. Akakianza jioni moja akisubiri mafuta yapoe. Alipokuja kupimwa sketi alikuwa amefika pale Sekai anapombeba mwanawe mchanga na kukimbia kijiji, kwa kuwa mtoto amezaliwa na ualbino na wazee hawataki aishi. Alisimulia huku nimemzungushia futikamba kiunoni, na ilibidi nimpime mara mbili kwa jinsi alivyokuwa akitikisa mikono. Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mtoto anapona?" Mama wa mihogo akasema hajui, bado hajafika. Bibi yule analea mjukuu mwenye ualbino. Wiki mbili baadaye binti wa kidato cha tatu alikuwa akienda kwa bibi kila Jumamosi kumsomea, kwa kuwa macho ya bibi hayawezi tena herufi ndogo. Kwenye daftari nimewaandika pamoja, mstari mmoja wa watu watatu.

Ndiyo maana sipendi swali la kitabu bora. Gazeti likiuliza watu vitabu bora vya maisha yao, nayajua majibu kabla sijafungua ukurasa: ni vile vya shule, na vile ambavyo mtu angependa kuonekana navyo. Hapa Tanga tumepewa Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani, mwendo mfupi kutoka mjini. Kila mtu anamtaja kwa fahari. Lakini tangu nianze mistari myekundu, Kusadikika yake imeingia daftarini mara nne tu, na kati ya hao wanne wawili ni wanafunzi. Hiyo imeniuma. Namheshimu sana yule mzee kiasi cha kutotaka awe jina la kutaja kwenye hotuba, na ningefurahi zaidi kusikia mtu akisema amemwanza, amechoka katikati, na anatafuta wa kumweleza Karama anashitakiwa kwa kosa gani hasa.

Ukweli ndio sharti langu pekee. Mteja mmoja wa suti aliniandikisha kitabu kinene cha maisha ya kiongozi, na kwa miezi mitano akawa ukurasa ule ule. Siku ya mwisho akaniambia, "Fundi, kile kifute. Mimi nasoma hadithi za kwenye simu, zile za sehemu ya kwanza, sehemu ya pili." Nikaziandika hizo hadithi kwa kalamu ile ile nyekundu. Mtu anayekesha kungoja sehemu ya ishirini na moja ni msomaji. Magazeti yetu yenyewe yanalijua hilo, maana wapo watu walionunua gazeti la kesho kwa sababu ya neno moja lililoandikwa chini ya hadithi ya leo: itaendelea.

Nitaambiwa vitabu ni ghali. Ni kweli, riwaya moja mpya inaweza kula ujira wangu wa sketi nzima. Lakini nakala moja ya Rosa Mistika imeshapita mikono 11 kutoka kibandani hapa, na isingepita kama watu wasingesikia mwenzao anasema amefika wapi. Maktaba ya mkoa ipo mjini, na wateja watatu nimewasindikiza mwenyewe wakajiandikisha. Nitaambiwa pia vitabu vya kuazimwa havirudi. Hilo nalo ni kweli, na bado naumia. Nyota ya Rehema yangu, niliyoinunua nikiwa msichana, iliondoka na mteja aliyehama mji, na sijapata nyingine. Tangu hapo kila kitabu kinachotoka kina jina la aliyekichukua kwenye daftari, na nguo yake inayofuata haikatwi mpaka kirudi. Havijapotea tena isipokuwa kimoja, na hicho kililoa mvua ya masika.

Kwa waandishi wa habari nina ombi. Mnapomhoji mbunge, msanii au mchezaji mpira, mnamwuliza anapenda chakula gani, ana gari gani, timu gani. Mwulizeni anasoma kitabu gani na amefika wapi. Mkikutana naye baada ya miezi miwili, mwulizeni tena. Na walimu waanze darasani kwa kusema wao wenyewe wanasoma nini, hata kama ni hadithi ya upelelezi. Mtoto ambaye hajawahi kumsikia mtu mzima akisema "jana usiku nimefika pale" ataamini kwamba vitabu vinaisha siku ya mtihani.

Nisidai majibu ya wengine nikaficha langu. Mimi ninasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepewa Nobeli mwaka 2021, kama alivyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Mpwa wangu ameniletea kutoka Dar. Nasoma kurasa chache usiku, baada ya kuzima pasi. Nimefika pale Khalil anapomwambia Yusuf kwamba yule tajiri Aziz si ami yake, kwamba yupo pale dukani kwa sababu ya deni la baba yake. Yusuf bado haelewi vizuri. Jana nilikifunga nikamfikiria baba yake, mzee aliyemsindikiza mtoto mpaka kwenye treni akijua.

Gauni la kitenge limeshapigwa pasi, limetundikwa nyuma ya mlango. Ijumaa mwenyewe akija, nitamwuliza Maimuna yuko wapi sasa.