Siku mbili Musoma kwa pesa ya kibubu

KANDO YA ZIWA
Na Nyamisi Makori

Watu wa Kanda ya Ziwa tunasafiri sana. Tunasafiri kwenda kuzika, kwenda kuoza, kusikiliza kesi ya shamba, kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bugando, kufuata mzigo wa dagaa. Lakini mwambie jirani yako kwamba Jumamosi unampeleka mkeo na watoto Musoma, mnalala usiku mmoja, Jumapili mnarudi. Atakuuliza mna nani huko. Ukimjibu hamna mtu, mnakwenda kutembea tu, ataondoka akiamini umepata hela za ghafla.

Nataka kuitetea safari hiyo. Familia ya kipato cha kawaida, iwe ya Magu, Bunda, Tarime au Mwanza mjini, inaiweza na inaistahili. Kinachotukwamisha si uhaba wa pesa peke yake. Ikija harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzetu tunaandika ahadi, tunapigiwa simu kila wiki mpaka tumalizie, na tunamalizia. Ahadi kama hiyo hatujawahi kujiandikia sisi na watoto wetu. Anayeweza kumaliza mchango wa harusi kwa miezi mitatu anaweza pia kuweka kibubu kabatini, akakivunja likizo ya Juni, akapata siku mbili za Musoma bila kukopa.

Kibubu kikishavunjwa, nauli ya kwenda na ya kurudi itengwe kabla ya kitu kingine chochote. Ya kurudi ikae kwenye simu ya mama na isiguswe mpaka Jumapili. Kinachobaki ndicho cha kulala, kula na kuzunguka, na kiasi kidogo kiachwe kwa dharura, maana mtoto anaweza kuamka na homa popote. Wengi huanza na kutumia, nauli wakaifikiria mwisho, na Jumapili mchana ndipo ndugu anapopigiwa simu: nitumie, na ya kutolea.

Sasa kuna suala la kufikia kwa ndugu, na hapa najua nitapingwa. Wapo watakaosema kulala gesti wakati shangazi yupo Nyasho, hapohapo Musoma, ni dharau na ni kupoteza pesa. Kuhusu dharau nawaelewa: shangazi apigiwe simu, apitiwe, asalimiwe. Kuhusu pesa, tupige hesabu ya kweli. Huendi kwa shangazi mikono mitupu. Utabeba sukari, mchele, sabuni na mafuta ya kula. Shangazi naye, hata kama hana, atakopa kuku. Watoto wake watalala chini ili wa kwako walale kitandani. Siku ya kuondoka utaacha chochote kwa watoto na chochote kwa bibi, na Jumamosi yenyewe itakuwa imeishia sebuleni, kwa sababu mgeni haruhusiwi kutoka kabla chakula hakijaiva, na chakula cha mgeni hakiivi mapema. Hayo yote ni mema na yana siku zake. Lakini tusiyaite ya bei nafuu. Mara nyingi chumba cha gesti ya kawaida kinagharimu pungufu ya vyote hivyo, na hakimwachii shangazi deni dukani.

Gesti nayo inahitaji macho. Kabla ya kutoa pesa omba uone chumba. Fungua bomba uone kama maji yanatoka au yanaletwa kwa ndoo, kunjua chandarua ukikague kama hakijatoboka, jaribu kitasa kwa ndani. Utaandikishwa kwenye kitabu cha wageni: jina, kabila, utokako, uendako. Wakati unaandika, muulize mhudumu saa ya kutoka. Kwa kawaida ni saa nne asubuhi, na kwa familia inayotaka kushinda Jumapili mjini saa nne ni mapema mno. Omba begi libaki mapokezi mpaka mchana. Ukiomba kwa adabu hukataliwa mara chache sana.

Barabarani, akiba isitafutwe kwa kujibana kwenye mchomoko, gari dogo la watu watano linalobeba tisa. Pandeni basi au Haisi yenye leseni, mdai tiketi iliyoandikwa kiasi mlicholipa. Nauli za mabasi zina ukomo uliowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na konda anayejua kwamba unalijua hilo huongea vizuri zaidi.

Anayetoka Mwanza apande gari la asubuhi na awaweke watoto dirishani, upande wa kulia. Ukishapita Lamadi, karibu na lango la Ndabaka, Serengeti inafika mpaka kandoni mwa barabara. Nyani mtawaona, na mkibahatika mtaona pundamilia au nyumbu, kwa nauli ileile. Kuingia hifadhini ni hesabu nyingine. Kiingilio cha Mtanzania si kikubwa, ni pungufu sana ya anacholipa mgeni kutoka ng'ambo. Kinachovunja bajeti ni gari. Familia moja ikikodi gari la kuingia Serengeti, kibubu kimekwisha kabla ya saa sita mchana. Safari hiyo ni ya kikundi: kwaya, VICOBA, walimu wa shule moja, wakodi basi dogo na kugawana. Kwa leo Bunda iwe mahali pa kushuka, kunywa chai na chapati stendi, kuutazama mlima Balili na kuendelea.

Kuna familia nyingi zinazopitiliza mpaka Musoma, zikalala, kisha kesho yake zikalipa nauli ya kurudi nyuma kwenda Butiama. Mkiwa na mabegi madogo ya mgongoni, shukeni Makutano, mchukue gari la Butiama mchana, na Musoma muingie jioni. Uliza mapema kabisa gari la mwisho la kutoka Butiama linaondoka saa ngapi, na umuulize dereva, usimuulize mpiga debe.

Butiama ndiyo sababu kubwa ya kufunga safari, na nitakaa hapa kidogo. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki. Mwananchi analipa pungufu ya mgeni. Ndani kuna vitu vyake mwenyewe na zawadi alizopewa ndani na nje ya nchi, na kuna mtu wa kuwaeleza. Msimharakishe. Mpeni nafasi, na waacheni watoto waulize, hata maswali yanayowatia nyinyi aibu.

Kisha mwende Mwitongo, kwenye boma la ukoo. Mwalimu Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mugaya. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa hapa, karibu na wazazi wake. Mahali penyewe ni mawe makubwa yaliyopandana, miti na upepo. Mkitulia kidogo, pimbi hutoka kwenye nyufa za mawe wakakaa juani. Mtoto anayemjua Mwalimu kwa sura iliyo kwenye noti ya elfu moja atasimama pale Mwalimu mwenyewe alipokuwa akichunga mifugo akiwa mdogo, na hilo kitabu cha shule hakiwezi kumpa.

Waambieni pia habari za miguu yake. Mwaka 1934 alitoka hapa kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilomita 30. Na Oktoba 1967, akiwa Rais wa nchi, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, siku nane njiani. Sehemu kubwa ya njia hiyo ndiyo mliyopita asubuhi kwa gari. Mtoto aliyekuwa akilalamika kwamba mguu umekufa ganzi atakaa akilifikiria hilo. Anayependa utulivu asiende tarehe 14 Oktoba, kwani siku hiyo ya kumbukumbu wageni huwa wengi na vyumba vinakuwa adimu mpaka Musoma. Anayetaka kuadhimisha pamoja na wengine aende siku hiyohiyo, ila chumba akishike mapema.

Musoma yenyewe ni mji wa miguu. Umekaa kwenye rasi, ziwa limeuzunguka, na karibu kila barabara ukiifuata vya kutosha utaona maji. Piteni barabara ya Mukendo wakati maduka yanaanza kufungwa, mshuke Mwigobero kutazama mitumbwi ikipakua, mtafute mawe ya kukaa ukingoni. Mji uko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua linazama majini mbele ya macho yenu, na hakuna anayekata tiketi.

Pesa iliyookolewa iende kwa sato. Hoteli iachwe, atafutwe mama lishe anayekaanga mbele ya wateja. Chagueni samaki akiwa mbichi, mkubaliane bei kabla hajaingia kwenye mafuta, kisha mmtazame mama akifanya kazi: anamkata mikato mitatu kila ubavu, anasugua chumvi na ndimu mpaka ndani ya mikato, anamshusha kwenye karai taratibu kwa mkia, na hamgeuzi mpaka upande wa chini uwe wa kahawia. Sato mmoja mkubwa, ugali wa muhogo, mchicha na pilipili vinatosha watu watatu. Ugali wa huku ukichanganywa na mtama unakuwa mweusi na mzito, na watoto wa mjini husita kwenye tonge la kwanza. Wape muda. Pesa hiyo inabaki kwa mama yule, naye Jumatatu atanunulia daftari za watoto wake. Kwangu hiyo ni faida ya utalii iliyo wazi kuliko nyingi tunazotangaziwa.

Majini nina neno zito zaidi. Kutoka Mwigobero kuna kivuko cha kwenda Kinesi, ng'ambo ya ghuba upande wa Rorya, na ndiyo safari ya majini ya gharama ndogo kuliko zote ninazozijua hapa. Vukeni, mzunguke Kinesi, mrudi. Lakini chombo kikijaa kupita kiasi, shukeni, hata kama nauli imeshalipwa. Ziwa hili lilituzamishia MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, na Julai 2023 upande wa Bunda likachukua waumini waliokuwa wakitoka ibadani kwa mitumbwi. Boya la kujiokolea livaliwe, na kama hakuna la mtoto, mtoto asipande. Kuogelea nako kusifanywe popote panapopendeza macho. Kichocho kipo kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, na sehemu nyingine zina mamba. Ulizeni wenyeji wanaoga wapi, na mkirudi nyumbani mkapime.

Jumapili baada ya ibada kuna Mwisenge. Shule bado inafundisha, kwa hiyo ombeni ruhusa kama mnavyoomba kwenye nyumba ya mtu. Ikiwa timu ya Biashara United iko nyumbani Uwanja wa Karume, tiketi ya mzunguko inampa kijana wenu alasiri nzima. Kisha stendi ya Bweri, na gari la kurudi.

Upande wa wenye mamlaka kuna kazi ndogo ambazo hazijafanywa. Mgeni anayefika Bweri au Makutano anategemea mdomo wa mpiga debe kujua gari la Butiama, saa na nauli. Kibao kikubwa kinachosomeka kingemwokolea pesa na wasiwasi. Ukingoni mwa ziwa kunatakiwa benchi, choo safi cha kulipia na pipa la taka. Na ukingo wenyewe ulindwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mji ambao kila penye mandhari nzuri pamezungushiwa ukuta hauna cha kumpa mtu mwenye kibubu. Tajiri atanunua kinywaji hotelini ili alione ziwa. Mwalimu wa shule ya msingi na wanawe watatu watalionea wapi?

Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Madiwani wa Musoma na Butiama, ingizeni vibao hivyo, mabenchi na vyoo kwenye bajeti, na mita 60 za ukingo muanze kuzisimamia sasa, maana hizo hazisubiri fedha.