Usipime mvua kwa mwaka tu

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, jumla ya mvua ya mwaka inadanganya. Ukikosa vipimo vingine, chukua mvua ya kila mwezi, izidishe kwa yenyewe, jumlisha yote, kisha gawanya kwa mvua ya mwaka. Ndiyo hesabu ya Fournier iliyorekebishwa na Arnoldus. Milimita 1.200 zikienea sawa miezi 12, utapata 100. Zikianguka zote kwa miezi 6, karibu na desturi ya kwetu Lubumbashi, 200.

Lakini hesabu hiyo haioni dakika. Milimita 30 za siku nzima shamba linazinywa. Za nusu saa zinachimba chini ya ukuta, upande watoto wanapolala. Basi weka uani kopo lenye kuta zilizosimama wima, na tazama saa. Sentimita 3 kwa nusu saa? Mvua ikikatika, kagua msingi siku ileile.